Atalipa

Chini ya kaunta palikuwa na kigoda changu,
daftari la hesabu, na paka.
Kutoka hapo niliwajua wageni kwa viatu:
vya ncha kali, vya mpiga solo aliyetoka Lubumbashi;
ndara zilizofungwa kwa waya, za Shiundu wa sarakasi;
na vile vyekundu vya Bi Faida
vilivyopanda ngazi vikiwa mkononi,
alfajiri, asije akamwamsha mama.

Mama hakuwa amelala.
Mama alikuwa jikoni akipara ngege
na kusikiliza mbao za ngazi:
“Huyo ni wa saba. Amerudi peke yake.”

Ghorofa moja nyuma ya soko la Kibuye,
vyumba kumi na kimoja, mabafu mawili,
maji ya moto ukiomba mapema.
Kila masika kibao cha mlangoni kilipoteza herufi.
Baba akasema wanaotujua hawasomi kibao.

Wenzangu shuleni waliwaona ukumbini, chini ya taa.
Mimi niliwaona asubuhi.
Mtu wa mazingaombwe,
aliyeshinda usiku akichuma sarafu masikioni mwa watu,
alinikopa shilingi mbili za sigara.
Mpiga ngoma alilia kwa sababu ya jino.
Bi Faida aliosha nywele kwenye tangi la uani,
mimi nikimshikia kioo, na hakuimba hata kidogo.
“Sauti ni mkaa,” alisema. “Mchana hauwashwi.”

Na Shiundu, juu ya magodoro tuliyoyaanika,
alinifundisha kuanguka.
Usipigane na ardhi. Ipe bega.
Nikaanguka Jumamosi nzima,
nikala kofi kwa ajili ya sare ya shule,
na hadi leo sijui somo jingine
nililolitumia mara nyingi hivyo.

Usiku, Zablon Odera, baba yangu,
alivaa miwani iliyofungwa uzi
akaandika kwa kalamu nyekundu:
Bendi, watu tisa, siku kumi na nne,
chapati, kufua, kioo kilichovunjika: atalipa.
Mama akasoma juu ya bega lake.
“Huyu Atalipa ni mgeni gani?
Kila mwezi yumo humu,
na mimi sijawahi kumtandikia kitanda.”

Kisha likaja disko, na mtu mmoja mwenye sanduku la kaseti
alitosha kujaza ukumbi. Alilala kwa shemeji yake.
Gari moshi likaanza kuchelewa, halafu likaacha.
Vyumba vya juu tukaweka mahindi.

Ukutani lilibaki gitaa la rehani la yule wa Lubumbashi.
Hakuna aliyeruhusiwa kuligusa.
Lakini niliwahi kumwona baba, akidhani tumelala,
akiligonga uzi mmoja, mmoja tu,
akasimama na kitambaa cha vumbi mkononi
mpaka sauti ikaisha yenyewe.

Tulipomzika, nilikuwa mhasibu tayari.
Najua deni lililooza linavyofutwa:
mstari mmoja, sahihi, tarehe.
Nilikaa kwenye kaunta, goti likagonga kigoda,
nikahesabu atalipa mia tatu na kumi na tisa.
Na nilikuwa nimeshafungua kalamu.

Ngazi zikalia.
Polepole, ubao kwa ubao, miguu mitupu.
Kutoka jikoni mama, ambaye macho yamemwisha,
aliacha kupepeta:
“Huyo ni wa saba.”

Nilitoka. Mwanamke mzee, ameshika ukingo,
viatu mkononi, vyeusi, vya daktari.
Hakutaja baba. Hakutaja pesa.
Aliuliza kama maji ya moto yapo.

Nilimwambia ilibidi aombe mapema.
Kisha nikaenda uani kutafuta kuni,
daftari likiwa wazi,
wino ukikauka kwenye kalamu.